Viinimacho vya Sinema Visituibie Hadithi

Kuna kauli ambayo kila mwalimu wa fasihi na kila mlezi wa chama cha drama shuleni amewahi kuisikia, nayo imeanza kukubalika kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Kauli yenyewe ni kwamba hadithi zetu haziwezi kufanywa filamu za maana hadi tutakapopata mitambo. Mwanafunzi anayo ngano ya jini wa baharini aliyoipokea kwa bibi yake. Ukimwuliza mbona haiandikii mswada wa filamu, atakujibu kwamba shule haina tarakilishi ya kumtengeneza jini huyo. Basi huiacha ngano, akaandika kwa mara nyingine mchezo kuhusu madhara ya mihadarati.

Mimi si fundi wa mitambo. Kazi yangu ni isimu, na siku nyingi nashughulika na vitamkwa na viambishi. Hata hivyo, kauli hiyo inahusu namna binadamu anavyosimulia, na usimulizi ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la nyaya na vioo. Kwa sababu hiyo naona ninayo haki ya kuipinga.

Nianze na neno. Ule ufundi wa kumfanya mtu apae angani, jengo liporomoke bila tofali kuvunjika, au mnyama aliyetoweka zamani atembee tena, Waswahili walikuwa na jina lake kabla kamera haijazuliwa: kiinimacho. Ni ujanja wa mwanamazingaombwe wa kulifanya jicho lishuhudie kisichokuwapo. Neno hili lanifaa kuliko mengine kwa sababu linatukumbusha kwamba jambo lote hutendeka katika jicho la mtazamaji. Mashine huliandalia njia tu.

Na historia yakubaliana na neno. Mfaransa Georges Méliès alikuwa mwanamazingaombwe wa jukwaani kabla ya kuwa mtengenezaji wa filamu. Alisimulia kwamba mnamo 1896 kamera yake ilikwama alipokuwa akipiga picha barabarani mjini Paris. Aliirekebisha akaendelea. Alipokuja kuitazama filamu, aliona gari la abiria likigeuka ghafla kuwa gari la maiti, kwa kuwa vyombo vilikuwa vimesonga wakati kamera imesimama. Iwapo kisa kilitukia vivyo hivyo au kilitiwa chumvi kidogo na msimulizi hodari, hilo silijali sana. La muhimu ni kwamba ujanja huo wa kusitisha na kuendelea ndio uliozaa filamu zake nyingi, ikiwemo ile ya safari ya mwezini ya mwaka 1902. Leo mwanafunzi akimrekodi mwenziwe kwa simu chini ya mbuyu, akasitisha, akamwambia aondoke, kisha akaendelea kurekodi bila kuitikisa simu, mtu huyo atakuwa ametoweka. Hakulipa hata shilingi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, lakini, historia ya viinimacho ilianza kwa kunyimwa, na jambo hili walimu wengi hawalifahamu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa Waingereza wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, si mbali na mpaka wetu wa Kwale. Wasimamizi wake, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walitengeneza filamu 35 hivi kuhusu kilimo, afya, kodi na mambo kama hayo, wakazizungusha kwa lori katika makoloni ya eneo hili. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalichezwa kwenye sahani za santuri, ili filamu ileile iweze kusemeshwa Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pengine. Msomaji aukumbuke mpango huo wa picha kuwa huku na sauti kuwa kule, maana nitaurudia.

Mwaka 1939 ikaundwa London Idara ya Filamu za Makoloni, chini ya William Sellers, aliyewahi kuwa afisa wa afya nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kuisoma picha ya sinema kama Mzungu aisomavyo. Kwa hiyo filamu ya kuonyeshwa Waafrika ilitakiwa iende polepole, ifuate tukio moja baada ya jingine bila kuruka, na zaidi ya yote isitumie viinimacho vya kamera, kwa kuhofia kwamba hadhira itachanganyikiwa. Ilhali wakati huohuo watu wa Unguja na Mombasa walikuwa wakilipa fedha zao kuingia majumba ya sinema (lile la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921) na kutazama filamu za kutoka Bara Hindi na Marekani ambamo watu walipaa, walitoweka na kufufuka. Hakuna aliyechanganyikiwa. Watu waliokulia kwenye ngano za mazimwi na Alfu Lela Ulela walihitaji kufundishwa nini kuhusu mtu anayegeuka moshi?

Kauli ninayoipinga leo ni ndugu ya ile ya Sellers, ingawa imevaa nguo nyingine. Zamani tuliambiwa kwamba hatuwezi kuvielewa viinimacho. Sasa tunajiambia wenyewe kwamba hatuwezi kusimulia bila vya gharama kubwa. Kauli zote mbili zinamweka msimulizi wa Kiafrika mlangoni, akingoja ruhusa ya mtu mwenye chombo.

Nitoe mfano kutoka kwa wenye vyombo wenyewe. Mwaka 1975 Steven Spielberg alitoa filamu ya *Jaws*, inayohusu papa mla watu. Alikuwa na fedha, na mafundi walimtengenezea papa wa mitambo. Papa hao walipotiwa baharini waliharibika kila mara. Wavuvi wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa maji ya chumvi huifanya nini injini. Kwa kukosa papa, mwelekezi huyo alilazimika kusimulia bila papa: kwa mapipa ya manjano yanayoburutwa juu ya maji, kwa muziki wa noti mbili wa John Williams, kwa jicho la kamera linalotazama miguu ya waogeleaji kutoka chini. Papa mwenyewe haonekani sawasawa hadi saa nzima na zaidi imepita, na hofu inayosifiwa hadi leo ilijengwa katika saa hiyo. Hata *Jurassic Park* ya mwaka 1993, iliyoshangaza ulimwengu kwa wanyama wake waliotengenezwa kwa tarakilishi, ni filamu ya zaidi ya saa 2 ambamo wanyama hao huonekana kwa dakika kama 15 tu. Muda uliobaki ni wa watu kuwangoja na kuwaogopa.

Sasa nije Mkwiro. Ni kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni. Hufikiwa kwa chombo, na kisiwani hakuna gari. Nimekwenda huko mara kadhaa kwa ajili ya lahaja za pwani ile, Kichifundi na Kivumba, ambazo hazijaandikwa kiasi zinavyostahili. Safari moja nilimsikiliza mama mmoja wa makamo ya juu akiwasimulia wajukuu wake ngano ya mvuvi na jini. Bahari yake yote ilikuwa kiganja kinachoburutwa juu ya mkeka. Jini alipokaribia, hakumtaja wala hakumweleza umbo. Alikiinua kiganja mkekani, akanyamaza. Watoto wakasogeleana.

Vijana wawili wa sekondari, wajukuu wake, walikuwa wamekwisha kuitengenezea ngano hiyohiyo filamu ya dakika chache kwa simu. Walinionyesha kwa fahari. Jini wao alikuwa na macho ya moto yaliyopakuliwa kutoka intaneti, na kila alipotokea mlipuko ulitokea pamoja naye, nao mlipuko ulikuwa mmoja, umerudiwa mara 4. Wadogo zao waliokuwa wakitazama nasi walicheka. Katikati ya filamu, hata hivyo, palikuwa na kipande kifupi cha binti aliyesimama ufukweni magharibi. Mvuvi haonekani, kafi yake tu inasikika majini. Kafi inakoma. Binti anarudi hatua moja nyuma. Hapo hakuna aliyecheka. Niliwauliza jini yuko wapi. Mmoja akanijibu kwa aibu, "Hicho tulitaka kukifuta, mwalimu. Hatukuwa na data ya kumpakua jini."

Nilichokiona pale ni jambo ambalo sarufi ya Kiswahili inalijua vizuri. Lugha hii haitosheki kusema kwamba kitu kimeanguka. Kikianguka majini, ni chubwi. Mchangani ni tifu, matopeni ni tapwi, sakafuni ni pa, na mzigo mzito ukibwagwa ni pu. Walimu huzifundisha tanakali hizi kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na hivyo huziua. Tazama zinafanya nini. Neno moja lisilo na kitenzi wala nomino linamjulisha msikilizaji mahali, uzito na unyevu, na picha anaichora mwenyewe. Mlipuko wa kupakuliwa unafanana popote, Mkwiro na Chicago. Haujui kama umetukia mchangani au matopeni.

Mafundi wa sauti wa Hollywood wanaijua siri hii pia. Jack Foley, aliyefanya kazi katika studio za Universal sinema ilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, aliunda nyayo, mavazi na milango kwa mikono na miguu yake huku akiitazama picha, na ufundi huo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kwato za farasi katika filamu na tamthilia nyingi za redio zilikuwa vifuu viwili vya nazi vikigongwa. Kwale, ambako vifuu hutupwa jikoni au kuchongwa upawa, tunangoja mitambo!

Baada ya hayo niurudie ule mpango wa santuri. Wakoloni waliitenga sauti na picha ili wao wawe wasemaji wa lugha zetu zote. Miongo kadhaa baadaye, katika mabanda ya video ya Kampala, Dar es Salaam na Nairobi, watu wa kawaida waliichukua nafasi ya santuri kwa nguvu. Filamu ya Kichina au ya Kimarekani ilichezwa, na msimulizi aliketi kando na kipaza sauti akaisema upya. Tanzania ilimjua Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, na Kenya inamjua DJ Afro. Wasimulizi hawa hawakutafsiri tu. Waliwapa wahusika majina mapya, waliwakemea waovu, waliwatania mashujaa, walieleza kwa nini mtu fulani amekasirika hata kama filamu yenyewe haikueleza. Baadhi ya wasomi wenzangu huwadharau kwa sababu ya Kiswahili chao cha mitaani na Sheng. Mimi naona walifanya kazi kubwa ya fasihi simulizi: waliuchukua utajiri wote wa viinimacho vya watu wengine wakaufanya uambatane na sauti ya mtu aliyeketi palepale.

Kutokana na mila hiyo akaibuka Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, aliyewahi kufyatua matofali. Filamu yake *Who Killed Captain Alex?*, ya mwaka 2010, inasemekana kugharimu chini ya dola 200. Kitambaa cha kijani alikitumia kama mandhari ya kufutwa, helikopta na miali ya bunduki aliichora kwa tarakilishi aliyoiunganisha mwenyewe, damu ilikuwa rangi ndani ya vifuko vilivyofungwa kifuani. Helikopta yenyewe, kusema kweli, inaonekana kama kitu cha kuchezea. Mamilioni ya watu wameitazama kwenye intaneti hata hivyo. Wengine huitazama kwa kuicheka, na hilo silifichi. Lakini sikiliza sauti. Juu ya picha yumo msimulizi, VJ Emmie, anayeishangilia, anayeitania, anayekwambia ujiandae kwa vita. Nabwana, kwa uhaba wa nafasi katika tarakilishi yake, aliyafuta majalada ya asili ili atengeneze filamu nyingine. Nakala iliyobaki ulimwenguni ni ile yenye sauti ya Emmie. Picha tupu haipo tena.

Sitaki nieleweke kwamba nasifu ufukara. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na ziko hadithi ambazo bila teknolojia haziwezi kusimuliwa kabisa. *Pumzi* ya Wanuri Kahiu, iliyotolewa mwaka 2009, inaonyesha Afrika Mashariki iliyokauka baada ya vita vya maji, ambamo watu huishi ndani ya jengo lililofungwa na jasho lao husafishwa wakalinywa. Bila kiinimacho cha jangwa lisilo na mwisho, hatua za Asha nje ya lango zisingekuwa na uzito. Ni filamu ya dakika 20 hivi, na maneno yake ni machache mno. Kiini chake ni mbegu moja katika chupa yenye lebo ya Maitu, neno la Kikuyu la mama, ambalo filamu yenyewe inalifasiri kuwa "ukweli wetu". Kama mwanaisimu nina shaka na etimolojia hiyo. Kama mtazamaji nilitetemeka. Jambo moja linaniudhi, nalo ni kwamba filamu yenye jina zuri la Kiswahili inazungumza Kiingereza.

Likarion Wainaina alikwenda mbali zaidi katika *Supa Modo* (2018). Jo, msichana wa miaka 9 ambaye ugonjwa wake hauna tiba, anatamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake na wanakijiji wanashirikiana kumfanya aamini kwamba anazo, na hatimaye wanamtengenezea filamu yeye akiwa nyota. Mtazamaji anaziona kamba, anawaona watu wakijifanya, anajua kila kitu kimebuniwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Machozi yanatoka papo hapo, kwa kuwa anachokitazama ni jumla ya watu wazima walioacha shughuli zao ili mtoto apae. Nikiulizwa filamu gani ya Kenya ionyeshwe darasani katika somo la usimulizi, nitaitaja hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Ukitaka kuona upande wa pili, zilinganishe *The Lion King* mbili. Ile ya 1994 ilichorwa kwa mkono, na wahusika wake waliitwa kwa maneno yetu: Simba, Rafiki, hata Pumbaa, kitenzi kilichogeuzwa jina la ngiri. Ile ya 2019 iliundwa kwa tarakilishi kwa ustadi wa kutisha, kila unywele wa simba ukapepea. Lakini uso wa simba wa kweli haukunjwi kwa huzuni kama wa mwanadamu. Watazamaji wengi walilalamika kwamba Simba anamlilia baba yake kwa uso ambao hausemi lolote. Teknolojia ilikuwa imepanda, na usimulizi ukashuka.

Mambo haya si ya kubarizi tu. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo vyetu lina kitengo cha filamu, na mtaala wa umilisi umeweka maigizo na filamu miongoni mwa masomo ya mkondo wa sanaa katika shule ya upili ya juu. Shule yenye maabara ya tarakilishi na shule ya Mkwiro zitapimwa kwa mizani moja. Nilialikwa kutazama shindano moja ambapo filamu iliyoshinda ilikuwa na milipuko mingi kuliko sentensi. Iliyoshindwa ilikuwa na bibi, taa ya kandili na mlango.

Tena imekuja akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Mwanafunzi ataandika sentensi moja na kuletewa jini aliyekwisha kutengenezwa. Nilijaribu programu moja kwa kuiagiza jini wa baharini wa Shimoni. Ililetwa picha ya pandikizi la buluu lenye kilemba, likitoka katika taa ya mafuta. Huyo si wa kwetu. Huyo ni wa katuni. Mashine hurudisha kile ilicholishwa, na hakuna aliyewahi kuilisha ngano za Kichifundi, maana sisi wenyewe hatujazirekodi. Jini yule wa kwenye mkeka, asiye na umbo, haiwezi kumjua. Na kijana akiona picha ya buluu ni safi kuliko ukimya wa bibi yake, atauacha ukimya, na baada ya kizazi kimoja hatakuwapo wa kumkosoa.

Kwa waamuzi wa tamasha nina ombi la utendaji. Kabla ya kutoa alama, wazime picha kwa dakika 2 na kuisikiliza filamu, kisha waizime sauti na kuitazama. Walimu nao wadai mswada kwanza, simu baadaye, na katika mswada huo kila kiinimacho kiandikwe kando yake kinamwambia mtazamaji nini ambacho hakijasemwa. Kisichojibu swali hilo kiondolewe, hata kama kimekwisha kupakuliwa. Na wanafunzi wa Wasini, Funzi na Vanga waruhusiwe kumpa jini wao sauti ya lahaja yake, maadamu tafsiri ya Kiswahili sanifu itaandikwa chini ya picha kwa wale wa bara.